Daftari la mrija: kumuuguza mama nyumbani baada ya upasuaji wa saratani ya titi

Mwanzisha uzi (Umoja)

Hamjambo nyote. Ninaandika nikiwa kando ya kitanda cha mama, ghorofa ya nne, mtaa wa Umoja hapa Nairobi, siku ya tisa tangu aondolewe titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Amelala sasa, na kipima joto saa moja iliyopita kilisoma nyuzi 37.1, jambo ambalo jana nisingeweza kuliandika. Nimeamua kuyaweka hapa yaliyotupata kwa sababu kosa nililofanya linaweza kufanywa na mtu yeyote anayempenda mgonjwa wake, na kwa sababu tulipokuwa tukihangaika usiku sikupata mahali palipolieleza kwa Kiswahili.

Mama ana miaka 61. Aliruhusiwa kutoka hospitalini siku ya tatu akiwa na mrija mwembamba unaotoka chini ya kwapa na kuishia kwenye kibofu cha plastiki chenye ukubwa wa ndimu kubwa. Kazi ya kibofu hicho ni kuvuta majimaji yanayojikusanya pale nyama ilipoondolewa. Muuguzi wa zamu alikuwa na wodi nzima mikononi mwake, akatoa maelezo kwa dakika chache, kwa Kiingereza cha haraka, wakati mimi nikiwa kwenye foleni ya kulipa. Aliyeyasikia na kuyaona yakifanywa ni mdogo wangu, na siku za kwanza nyumbani ni yeye aliyekuwa akimwaga majimaji kila jioni, akiyapima kwa kikombe chenye mistari na kuandika katika daftari la shule lililokuwa limebaki na kurasa chache: mililita 85, kisha 70.

Jioni ya siku ya sita, mdogo wangu akiwa anafunga mizigo arudi chuoni, mimi ndiye niliyemwaga. Nikaandika 65, nikarudisha kifuniko, nikamfuta mama vizuri, nikaona nimefaulu. Jioni iliyofuata nikapima tena, nikapata 8. Tulishangilia. Nilimpigia shangazi simu Kakamega nikamwambia kidonda kimekauka, na shangazi akapiga vigelegele mpaka mama akavisikia kutoka kitandani.

Asubuhi ya siku ya nane mama aliniambia anahisi kama mtu amemwekea pakiti ya maziwa chini ya ngozi ya kwapa. Nilipagusa, pakatikisika kama maji ndani ya mfuko. Ngozi ilikuwa ya moto na nyekundu, na joto lake lilikuwa nyuzi 38.4. Tulimshusha ngazi polepole, tukachukua teksi. Daktari hakukitazama kidonda kwanza. Alikitazama kibofu, ambacho kilikuwa kimejaa hewa, kimeviringana kama mpira. Akauminya mrija kwa vidole kuelekea chini, na bonge la damu nyeusi, refu kama mnyoo, likateleza likatoka. Kisha akafungua kifuniko, akakibana kibofu mpaka kuta zake zikagusana, na akakifunga kikiwa bado kimebanwa hivyo hivyo. Kikaanza kuvuta. Kilijaa mara mbili kabla hatujaondoka.

Ndiyo kusema kwamba kile nilichokiita kukauka kilikuwa ni kuziba. Sikujua kwamba kibofu kisipobanwa hewa ikatoka yote, hakivuti chochote, na majimaji yanabaki ndani yakingoja vijidudu. Mama amepewa dawa za kutibu maambukizi na leo anaendelea vyema. Daftari lilikuwa na namba zote, lakini halikuwa na maelezo ya namna namba hizo zinavyopatikana, wala halikumwambia anayepokea zamu afanye nini.

Ninaomba mnaouguza na mliouguzwa mseme mlivyopanga mambo nyumbani kwenu. Nina maswali mawili yangu pia. Mkono wa kushoto wa mama unatakiwa kufanya kazi kiasi gani wakati mrija bado upo? Na la pili ambalo ni gumu zaidi: amefunika kioo cha bafuni kwa leso tangu siku aliyofika, na wakati wa kubadilisha bandeji hugeuza uso ukutani. Nimwache au nimsemeshe?

Muuguzi mstaafu (Kahawa)

Pole sana, binti yangu, na hongera kwa kumfikisha hospitalini siku ile ile. Nimefanya kazi katika wodi za upasuaji kwa miaka mingi, na kosa hilo nimeliona likiletwa mlangoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Halitokani na uzembe. Linatokana na kwamba maelezo hupewa mtu mmoja, na nyumbani wanaouguza ni watu watano.

Namba za mrija husomwa kwa mwendo wake. Majimaji yakishuka polepole, 85, 70, 65, 50, 40, hapo kidonda kinafunga. Yakianguka ghafla kutoka 65 hadi 8 kwa siku moja, usishangilie kabla ya kukagua: je, kibofu kimebanwa au kimejaa hewa? Je, mrija umekunjwa chini ya mwili wa mgonjwa? Je, kuna bonge lililokwama? Madaktari wengi huuondoa mrija majimaji yakiwa chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24, na wengi hutaka iwe hivyo siku mbili mfululizo, lakini mfuate kiwango alichowaandikia daktari wenu. Mwage asubuhi na jioni kwa saa zile zile, kisha mjumlishe.

Kabla ya kugusa chochote, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama mfereji umekauka, kama inavyotokea huko kwetu karibu kila juma, mwambie mtu akumiminie kwa jagi. Usinawe ndani ya beseni. Ili kuuminya mrija, shika sehemu iliyo karibu na ngozi kwa mkono mmoja ili usivutike kutoka mwilini, kisha kwa vidole vya mkono wa pili teleza kuelekea kwenye kibofu. Kibofu kifungwe kwa pini kwenye nguo, chini ya usawa wa kidonda. Nimeona mrija ukichomoka kwa sababu mgonjwa alisimama usiku na kibofu kikabaki kitandani.

Rangi nayo iandikwe. Siku za mwanzo majimaji huwa mekundu, baadaye ya waridi, mwishowe ya manjano kama chai ya rangi isiyokolea. Yakirudi kuwa damu nzito, au yakiwa mazito kama usaha na kunuka, hiyo ni safari ya hospitali.

Sasa nitaje mambo ambayo hayangoji kliniki ya juma lijalo. Joto la nyuzi 38 au zaidi. Wekundu unaoenea kuzunguka kidonda, au maumivu yanayozidi siku baada ya siku badala ya kupungua. Nyuzi za mshono zikiachia na kidonda kikafunguka. Damu inayolowesha bandeji nzima. Kutapika mpaka maji hayakai. Kwa aliyepasuliwa tumbo, kuvimba tumbo pamoja na kutopata choo wala hewa. Na yaliyo ya hatari kuliko yote ni kukosa pumzi ghafla, kifua kuuma, kukohoa damu, au mguu mmoja kuvimba, kwa maana saratani na upasuaji, kila kimoja kwa upande wake, huifanya damu igande kwa urahisi ndani ya mishipa. Usiku msianze kutafuta nani ana gari. Mkubaliane mapema na jirani mmoja au dereva mmoja wa teksi, namba yake iandikwe kwenye jalada la daftari, pamoja na 999 na ile ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Kidonda chenyewe kisafishwe kama mlivyoelekezwa, bila kuongeza lolote. Asali, majivu, chumvi, spiriti, dawa ya kusafishia sakafu: vyote hivi nimevitoa kwenye vidonda vya watu kwa kibano, na vidonda hivyo vilichelewa kupona.

Mfamasia (Eastleigh)

Ninaunga mkono aliyotangulia kusema mama muuguzi, na ningependa daftari hilo liwe na ukurasa wa dawa, kwa sababu dukani kwangu huwaona watu wenye moyo mwema wakinunua vitu vinavyogongana.

Parasetamoli ni dawa nzuri, lakini mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengine, hasa wenye mwili mdogo au ini dhaifu, huhitaji kiasi kidogo zaidi. Shida ni kwamba dawa nyingi za mafua na za kichwa zinazouzwa kwa majina mengine zina parasetamoli hiyo hiyo ndani. Mgonjwa akipata mafua siku ya kumi akanunuliwa pakiti ya mafua, tayari amezidisha bila kujua. Diklofenaki na ibuprofeni msizinunue kwa kukisia: huweza kuumiza figo na tumbo, na kwa mgonjwa anayedungwa sindano za kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Sindano hizo nazo zinahitaji neno. Baada ya upasuaji mkubwa wa saratani ya tumbo au nyonga, madaktari wengi huandika inoksaparini kwa takriban siku 28. Familia huacha siku ya kumi kwa sababu mgonjwa anaonekana ana nguvu, au kwa sababu fedha zimekwisha. Kama ni fedha, rudini kwa daktari mkaseme hivyo waziwazi, msikae kimya.

Mofini, kodeini na tramadoli hufunga choo kwa karibu kila mgonjwa, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze pamoja nazo, isingoje siku ya tano mtu akiwa analia chooni. Wala msiogope mofini kwa sababu ya jina lake. Maumivu yasiyotulizwa humfanya mgonjwa asipumue kwa kina wala asitembee, na hapo ndipo kifua huingiwa na nimonia. Yakizidi nguvu ya dawa mlizopewa, ulizeni kuhusu wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa. Nairobi Hospice, iliyoanza kazi mwaka 1990 na iliyo katika eneo la Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, haiwahudumii tu wale wanaokaribia kufa, kama wengi wanavyodhani.

Kuhusu mitishamba, siwadharau wanaoitumia. Ninaomba tu mgonjwa amwambie daktari kila anachokunywa, kwa sababu baadhi yake huongeza kutokwa na damu na mengine hubadilisha nguvu ya dawa za saratani zitakazofuata.

Kifungua mimba (Kayole)

Sisi tulimuuguza baba, aliyeondolewa sehemu ya utumbo mpana. Alirudi nyumbani na mfuko ubavuni, kwa sababu mwisho wa utumbo ulitolewa nje ya tumbo, na sehemu hiyo wauguzi huiita stoma. Ninaandika kwa ajili ya familia zilizo katika hali hiyo, maana ni hali ambayo watu huificha.

Stoma yenye afya ina rangi nyekundu na unyevu kama upande wa ndani wa mdomo, nayo haina maumivu ikiguswa. Ikigeuka kuwa ya zambarau au nyeusi, mpelekeni mgonjwa hospitalini saa hiyo hiyo. Tundu la bamba linaloshikilia mfuko hukatwa kwa mkasi, na mama yangu, ambaye ni fundi wa kushona, ndiye aliyeligundua kosa letu: tulikuwa tukikata tundu kubwa kwa kuogopa kuibana stoma, na kinyesi kikawa kinaigusa ngozi mpaka ikachubuka ikawa kama imeungua. Tundu lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Mama alichora kipimo kwenye karatasi ngumu, akakipima upya kila juma, kwa sababu stoma husinyaa katika majuma 6 hadi 8 ya kwanza na tundu la juma lililopita huwa limeshakuwa kubwa. Tuliumwaga mfuko ukifika theluthi au nusu, kabla uzito wake haujaanza kulibandua bamba.

Lakini lililotuumiza zaidi halikuwa mfuko, lilikuwa maji. Siku ya kumi na mbili maji yalirudi kwenye ploti baada ya siku nne, watu wote wakakimbilia mferejini, na baba, ambaye hajawahi katika maisha yake kuketi huku wanawe wakibeba, akashuka akabeba jerikeni la lita 20 hadi mlangoni. Kilo ishirini. Daktari alikuwa amemwambia asiinue kinachozidi kilo 4 au 5 kwa majuma sita. Jioni ile pembeni ya stoma palivimba, na tukaambiwa misuli imeachia, utumbo unasukuma kutokea hapo. Anaishi na uvimbe huo hadi leo.

Kwa hiyo namba ya kilo iandikwe pia, tena kwa vitu anavyovijua: jagi la maji sawa, jerikeni hapana, kikombe cha uji sawa, mjukuu wa miaka miwili hapana, isipokuwa awekewe mapajani. Na mpeni mzee kazi nyingine ya kufanya. Baba tulimpa kazi ya kutembea hadi duka la kona kununua gazeti asubuhi na kurudi, na akaifanya kwa bidii ile ile aliyokuwa nayo kazini.

Mwenye kovu (Kangemi)

Dada wa Umoja, ninakujibu maswali yako mawili kwa sababu yote nimeyapitia. Niliondolewa titi la kulia na tezi.

Mkono usilale. Tangu siku za kwanza mama afungue na kufunga kiganja, akunje na kunyoosha kiwiko, ajichane nywele, alete kikombe mdomoni kwa mkono huo huo. Mimi niliambiwa nisiuinue kupita usawa wa bega mpaka mrija utoke, na wengi huambiwa hivyo. Muulize daktari wake. Mrija ukishatoka na akaruhusiwa, asimame mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu kama buibui anavyopanda, mara tatu kwa siku. Ahisi kuvutika, asihisi kuchomwa. Mimi nilihurumiwa sana nyumbani, nikafanyiwa kila kitu, na mwezi wa pili nikagundua siwezi kufikia kabati la vyombo. Ilinichukua miezi kadhaa kuurudisha mwendo ambao ningeweza kuulinda kwa dakika kumi za kila siku.

Asishangae upande wa ndani wa mkono ukiwa na ganzi, kwa sababu mishipa midogo ya hisia hupita humo kwapani. Jambo la kuangalia kwa muda mrefu ni kuvimba mkono, kwa kuwa tezi zilizokuwa zikipitisha maji ya mwili hazipo. Huweza kuja baada ya miezi, au hata miaka. Bangili ikianza kubana, aende mapema. Avae glavu anapofua kwa dawa ya kung'arisha nguo, na mchubuko mdogo wa kisu usipuuzwe.

Kuhusu kioo, mwache, lakini usimwache peke yake. Dada yangu alinisaidia kwa namna moja tu: kila alipobadilisha bandeji alinieleza kwa sauti ya kawaida alichokiona. "Leo mstari umenyooka, hakuna usaha, ngozi inaanza kurudia rangi yake." Sikujibu. Siku ya kumi na tisa nikamwomba anipe kioo kidogo cha mkobani, nikatazama inchi moja, nikakirudisha. Kesho yake nikatazama tena. Nililia, na yeye hakuniambia ninyamaze. Kama huzuni itamzuia kula au kulala majuma mengi, mtafutie mshauri. Faraja Cancer Support Trust hapa Nairobi huwapokea wagonjwa wa saratani kwa ushauri nasaha.

Mwanachama mpya (Dandora)

Samahani kwa kuingilia. Mume wangu alipasuliwa saratani ya figo siku kumi na moja zilizopita. Tangu jana muundi wa mguu wa kushoto umevimba na unamuuma akikanyaga. Mguu wa kulia uko sawa. Jirani amekuwa akimkanda kwa mafuta ya moto akisema ni kwa sababu ya kulala sana. Je, hii inaweza kungoja kliniki ya Ijumaa?

Muuguzi mstaafu (Kahawa)

Haiwezi kungoja, dada. Acheni kuukanda sasa hivi. Mguu mmoja uliovimba na kuuma baada ya upasuaji wa saratani huchukuliwa kuwa damu iliyoganda mpaka ithibitishwe vinginevyo, na bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Mpelekeni idara ya dharura leo, kwa gari, si kwa bodaboda, na mseme tangu mlangoni: "Amepasuliwa saratani siku kumi na moja zilizopita na mguu mmoja umevimba." Mkiwa njiani akikosa pumzi, semeni hivyo pia mara mtakapofika. Tafadhali urudi hapa utuambie.

Mwanachama mpya (Dandora)

Tumerudi nyumbani leo asubuhi. Walimpiga picha ya mishipa kwa mawimbi ya sauti, wakakuta damu imeganda juu kidogo ya goti. Ameanzishiwa dawa na tumeambiwa ni ya miezi kadhaa. Kumbe aliandikiwa sindano wakati wa kuruhusiwa, na karatasi hiyo ilikuwa imekunjwa ndani ya bahasha ya picha, hatukuiona. Mungu akubariki, mama.

Mwanzisha uzi (Umoja)

Nimeusoma ujumbe wa dada wa Dandora mara tatu, kisha nikaamka nikaifungua bahasha ya mama na kutoa kila karatasi. Nimezisoma zote, na nimebandika ile ya dawa kwenye jalada la daftari.

Nieleze tulivyopanga sasa. Daftari ni jipya, na ukurasa wa kwanza una maelezo kwa Kiswahili ya namna ya kukibana kibofu, pamoja na mchoro. Hakuna anayepokea zamu kabla ya kumwaga na kukibana mbele ya anayeondoka, hata kama ni mara ya kumi. Kila siku ina mstari mmoja: saa, mililita, rangi, joto, dawa, choo, hatua alizotembea. Tunamhimiza apumue kwa kina mara kumi kila saa anapokuwa macho, na akitaka kukohoa anakumbatia mto upande wa kidonda.

Ngazi zilikuwa zinanitia hofu, lakini daktari alisema kupanda na kushuka polepole si kosa kwake, mradi apumzike. Jirani wa ghorofa ya pili ameacha kiti cha plastiki kwenye kituo cha ngazi, na mama hukalia pale akishuka na akipanda. Wanaompita humsalimia, naye amezoea kutoka.

Wageni ndio waliokuwa mtihani. Jumapili walikuja watu wa kanisa kumi na wanne kwa pamoja, mmoja wao akiwa na mafua makali, na mwingine akamkumbatia mama kwa upendo mpaka akatoa machozi ya maumivu. Siwalaumu hata kidogo, kwa maana ndio waliochangia gharama ya hospitali. Niliongea na kiongozi wao, na sasa wanakuja wawili wawili kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, wananawa mlangoni, na mwenye mafua anasalimia kwa simu. Badala ya soda wanaleta mayai, ndengu, maziwa na omena, kwa kuwa tuliwaeleza kwamba kidonda hujengwa kwa vyakula vya namna hiyo. Mama wa kanisa mmoja huleta uji wa wimbi kwenye chupa ya chai kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni.

Mfamasia (Eastleigh)

Nyongeza moja tu kwako, dada: dawa za maambukizi alizopewa mama zimalizwe hata joto likiwa limeshuka, na zikimletea kuhara kwingi au vipele mrudi hospitalini. Msinunue pakiti ya pili kwa kuonyesha ile ya kwanza dukani.

Mwanzisha uzi (Umoja)

Ninarudi kuwaeleza tulipofikia. Leo ni siku ya ishirini na mbili. Namba zilishuka polepole, 48, 41, 36, 31, kisha 26 na 22, na siku ya kumi na sita daktari aliutoa mrija. Mama alisema ulimuuma kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Wekundu ulikuwa umekwisha. Mrija ulipotoka majimaji kidogo yalijikusanya tena kwapani, tukaambiwa hilo hutokea na kwamba mwili huyanyonya wenyewe, ila tukiona yanaongezeka au joto linapanda turudi.

Jikoni kwetu ukuta una vigae vyeupe juu ya karo. Daktari alipomruhusu kuinua mkono, mama alianza kupandisha vidole pale huku chai ikichemka. Siku ya kwanza alifika kigae cha nne. Nilimfuata Mwenye kovu kama alivyonielekeza, nikawa ninamweleza kidonda kwa sauti kila ninapobadilisha bandeji. Alikuwa hajibu.

Jana jioni nilitoka kazini nikakuta leso haipo kwenye kioo. Imefuliwa, imeanikwa kwenye kamba. Sikusema neno. Nilipofungua daftari kuandika joto, nilikuta mstari wa siku umeshajazwa kwa mwandiko wake, mwandiko wa mwalimu, herufi zimenyooka: "Joto 36.8. Choo sawa. Kovu nimeliona. Kigae cha saba."

Jumanne tunarudi kuchukua majibu ya maabara ya titi na tezi zilizotolewa, ambayo ndiyo yatakayoamua kama atahitaji dawa za saratani za kudungwa mishipani au mionzi na lini zianze. Maswali yake ameyaandika mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho, na yamefika kumi na moja.